Hukumu Bila ya Kusoma



Umezuka mtindo katika vyuo vikuu vya dunia, nao umekwisha kuingia mpaka kwetu, wa kuihukumu elimu ya mtu bila ya kuisoma. Mwanachuoni hutaabika miaka miwili mitatu, akatafuta, akauliza, akahesabu, akaandika. Kisha wale wenye kumpima hawafungui hata ukurasa wa kwanza wa makala yake. Huangalia jina la jarida lililoichapisha, wakalitafuta jina hilo katika orodha, wakaona limepewa namba gani, wakampa mtu namba ile ile. Jarida likiwa la daraja la nne, naye huwa wa daraja la nne. Likiwa la daraja la kwanza (na katika orodha ya Waingereza nne ndiyo ya juu, si kama tulivyozoea sisi skulini) basi huambiwa rudi ukaandike tena. Mtindo huu umeenea katika elimu nyingi, lakini umetia mizizi hasa katika elimu ya uendeshaji wa biashara, ile iitwayo menejimenti.

Najua utasema: "Sheikh, hayo ni ya maprofesa, yatuhusu nini sisi wenye maduka na mashamba?" Yakuhusu sana. Mwanao aliyepata nafasi ya kusomea biashara, ambaye kwa ajili ya karo yake umeuza kiwanja, au mamake ameweka rehani bangili zake, anafundishwa na mwalimu anayepimwa kwa mizani hii. Mwalimu huyo hapandi cheo kwa kuwa amemfahamisha mwanao vizuri namna ya kuweka hesabu. Hapandi kwa kuwa amekwenda bandarini akajua kwa nini mizigo hulala. Hupanda kwa kuonekana jina lake katika jarida fulani la Marekani au la Uingereza ambalo wewe hutaliona, mwanao hatalisoma, na huenda hata waliompandisha hawakulifungua. Na mtu huelekea anakolipwa. Akili yake, usiku wake na safari zake zote huenda huko, na darasani huja kilichobaki.

Hebu kwanza tuangalie mizani hii ilitengenezwa wapi na kwa kazi gani. Mwaka 1955 bwana mmoja wa Marekani, Eugene Garfield, aliandika katika jarida la Science akipendekeza ifanywe faharasa ya kuonyesha makala gani imetajwa na makala gani. Ni wazo zuri, na yeyote aliyepata kushika kitabu chenye sherehe na hashia atalifahamu mara moja: ukitaka kujua kauli ya fulani ilipokelewaje, watafute waliokuja baada yake wakaitaja, uone nani aliikubali na nani aliipinga. Faharasa hiyo ikaanza kutolewa 1964 na kampuni yake iliyokuwa Philadelphia. Ili apate kuchagua majarida ya kuyaingiza, yeye na mwenzake Irving Sher walitengeneza hesabu nyepesi: chukua makala ambazo jarida limezichapisha katika miaka miwili iliyopita, hesabu zimetajwa mara ngapi mwaka huu, kisha gawa kwa idadi ya makala hizo. Kinachopatikana ndicho kipimo cha jarida.

Basi kilikuwa chombo cha kuchagulia majarida, na baadaye kikawasaidia wakutubi wenye fedha chache wajue walinunue lipi na waliache lipi. Garfield mwenyewe, aliyefariki 2017, alionya mara kadhaa kwamba kumpimia mtu kwa kipimo cha jarida si sawa. Fundi aliyetengeneza pishi amesema pishi hii ni ya nafaka, msiipimie kitambaa. Walioinunua wakaenda nayo kwa fundi cherehani.

Wenye elimu ya biashara hawakutosheka na hesabu hiyo, wakatunga orodha zao wenyewe. Gazeti la London liitwalo Financial Times lilikuwa na orodha ya majarida 45, na mwaka 2016 ikawa ya majarida 50. Huhesabu walimu wa kila shule ya biashara wamechapisha makala ngapi humo, na hesabu hiyo ikawa sehemu ya alama za kuzipanga shule za biashara za dunia, nani wa kwanza na nani wa mia. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Dallas kina orodha ya majarida 24 tu. Uingereza, jumuiya ya shule za biashara hutoa mwongozo wake kila baada ya miaka michache, na mpaka toleo la 2024 madaraja yake ni moja, mbili, tatu, nne, kisha nne yenye nyota. Huko Australia wakuu wa vitivo vya biashara wanayo yao: C, B, A, na A yenye nyota. Utadhani ni hoteli za watalii.

Tazama ajabu iliyoje. Gazeti la habari za biashara, ambalo tangu 2015 ni mali ya kampuni ya Nikkei ya Japani, linachangia kuamua mwalimu wa Nairobi au wa Dar es Salaam aandike wapi ili aitwe mjuzi. Mimi sina ugomvi na gazeti hilo. Kazi yake ni biashara na biashara inaifanya. Ninaowashangaa ni wanavyuoni walioichukua mizani ya elimu kwa mikono yao miwili wakaitia mkononi mwake. Tena katika orodha hiyo ya 2016 limo jarida la Harvard Business Review, ambalo huandikwa kwa ajili ya mameneja, na makala zake hazipitishwi kwa siri kwa wanavyuoni wengine wazichuje kama inavyofanywa katika Academy of Management Journal au Administrative Science Quarterly. Ikiwa sharti ni kuchujwa, hili limeingiaje? Na ikiwa kuchujwa si sharti, hayo mengine yaliyoachwa nje yameachwa kwa hoja gani?

Lakini tuyaache hayo, twende kwenye asili ya kosa, kwa sababu kosa lenyewe ni la hesabu na mtoto wa skuli anaweza kulifahamu. Wavuvi kumi wameingia baharini katika dau moja. Mmoja kapata nguru mkubwa wa kilo kumi na nane, wengine wote kila mmoja kapata visamaki visivyojaza kibaba. Ukijumlisha ukagawa kwa kumi, utasema kila mvuvi wa dau lile amepata karibu kilo mbili. Sasa waite mmoja mmoja mbele ya mnada. Yuko wapi mwenye kilo mbili? Hayuko hata mmoja. Ndivyo yalivyo majarida. Mwaka 1997 mtafiti wa Norway, Per Seglen, alieleza katika jarida la waganga la Uingereza, British Medical Journal, kuwa katika makala alizozichunguza asilimia 15 tu ndizo zilizochukua nusu ya kutajwa kote. Nguru ni wachache, nao ndio walioipandisha hesabu ya dau zima. Wenye visamaki wamepanda migongoni mwao, na kamati ikiwatazama inawaona wote ni wavuvi hodari.

Watasema: "Sawa, lakini jarida kubwa lina uchujaji mkali, na zaidi ya makala tisa katika kila kumi hurudishwa." Hilo ni kweli, na mwenye insafu halikatai. Lakini msikilize mtu wa ndani ya nyumba. William Starbuck, ambaye aliwahi kuwa mhariri wa hilo Administrative Science Quarterly, aliandika mwaka 2005 katika Organization Science baada ya kuzipiga hesabu hukumu za wachujaji. Alikiri kuwa majarida yenye heshima huchapisha makala nzuri nyingi zaidi kuliko mengine. Kisha akaonyesha kuwa bahati nasibu ni kubwa mno katika uchujaji huo, hata makala nyingi nzuri huangukia majarida ya chini, na zisizo na thamani kubwa hupenya juu. Miaka miwili baadaye watafiti watatu wakauliza swali hilo hilo juu ya majarida makubwa ya menejimenti wenyewe, nao wakakuta kwamba mwenye kuihukumu makala kwa daraja la jarida hukosea mara nyingi. Haya hayakusemwa na mtu aliyenyimwa nafasi akaona wivu. Yamesemwa na watu wa elimu hiyo hiyo, katika majarida yayo hayo, na hawakusikilizwa kwa sababu ile ile: yalihesabiwa, hayakusomwa.

Kisha waambie wakuonyeshe huo uchujaji mkali ulikuwa wapi mwaka 2012, pale jarida lenye heshima kubwa Marekani, lile la chuo chao cha taifa cha sayansi, lilipochapisha utafiti juu ya uaminifu. Utafiti ulisema kuwa mtu akitia sahihi juu ya fomu kabla ya kuijaza, badala ya kutia chini baada ya kujaza, husema kweli zaidi. Na ukaleta ushahidi wa kampuni ya bima ya magari, wateja na maili walizoendesha. Utafiti ukapendwa, ukatajwa, ukafundishwa mashuleni. Mwaka 2021 ikabainika kuwa zile tarakimu za magari zilikuwa za kubuni, na makala ikaondolewa. Makala juu ya uaminifu, ndugu yangu! Na katika elimu ya menejimenti yenyewe, tangu 2012 zimeondolewa makala zaidi ya kumi za profesa mmoja wa Ujerumani kutoka katika majarida ya madaraja ya juu, likiwemo Research Policy, kwa sababu hesabu zake hazikusimama. Siwataji watu, kwani si watu ninaowasema. Nasema juu ya nyota. Nyota ya jarida haikuzuia lolote kati ya hayo. Waliogundua ni wasomaji, waliokaa na makala wakahesabu safu kwa safu.

Na mizani ikishakuwa ndiyo riziki, hapakosekani wa kuibana kwa kidole. Mwaka 2012 watafiti wawili, Wilhite na Fong, walitoa katika jarida la Science majibu ya maelfu ya wanavyuoni wa uchumi, biashara na elimu zilizo karibu nazo. Karibu mmoja katika kila watano alisema amewahi kushurutishwa na mhariri: tutaichapisha makala yako, lakini ongeza kwanza kutaja makala za jarida letu. Hawakuambiwa wamesahau hoja fulani ya mtu fulani. Waliambiwa waongeze majina tu, ili ile hesabu ya Garfield ipande. Na katika elimu zilizoulizwa, ya biashara ilikuwa miongoni mwa zilizozidi kwa tabia hiyo. Mchuuzi wa sokoni akitia jiwe chini ya mizani twamwita mwizi, na watoto humzomea.

Sisi tuliosoma vyuoni tunayo njia ya kupima habari, nayo ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyote vya Marekani. Wanavyuoni wa hadithi walikubali kuwa kitabu cha Imamu Bukhari kiko mbele katika daraja. Je, kukubali huko kuliwazuia kukitazama? Ad-Daraqutni wa Baghdad, aliyefariki mwaka 385 wa Hijra, alizichukua baadhi ya hadithi zilizomo humo na katika kitabu cha Muslim, akazipinga sanadi zake moja moja, fulani kapokea kwa fulani na kuna ila hapa. Na waliotaka kumjibu, walimjibu hivyo hivyo, moja moja, kwa dalili. Hawakumwambia: "Nyamaza, hiki ni kitabu cha daraja la kwanza." Wala hawakusema kuwa kila kilicho nje ya vitabu hivyo viwili ni cha kutupwa. Daraja la kitabu lilikuwa mwanzo wa kutazama, na hawa wenzetu wamelifanya kuwa ndio mwisho wake. Huo kwetu una jina: ni taklidi, tena taklidi ya kumfuata asiyejulikana, kwani imamu angalau jina lake walijua.

Wakulima wetu wa Unguja na Pemba nao wafahamu madaraja; karafuu haziuzwi bila ya kupangwa. Lakini mpanga karafuu hutia mkono ndani ya gunia, akazitoa, akazitazama kavu au mbichi, zina vikonyo au hazina. Angekaa ofisini akauliza tu, "Gunia hili limetoka shamba gani?" kisha akatoa bei, mkulima angemwacha salama?

Sasa nakuja kwenye hasara, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Orodha haimdhulumu mtu mmoja mmoja tu. Huchagua pia dunia iulize nini na isiulize nini. Mwaka 2007 Profesa Donald Hambrick, ambaye aliwahi kuwa rais wa Academy of Management, alilalamika katika jarida la jumuiya hiyo kwamba majarida makubwa ya menejimenti hayapokei makala ila iwe na nadharia mpya, hata kama mwandishi amegundua jambo la kweli na lenye manufaa ambalo bado halina nadharia. Yaani ukija na habari ya kweli uliyoiona kwa macho yako, huambiwa subiri mpaka uipatie vazi. Na mwaka 2012 Ismael Rafols na wenzake, katika Research Policy, waliilinganisha kazi ya shule za biashara za Uingereza na ya vituo vya kuchunguza uvumbuzi, wakaonyesha kuwa orodha ya Waingereza huipunja kazi inayochanganya elimu mbili tatu. Na tatizo lipi la kweli la mwanadamu lililo la elimu moja?

Ukitaka mfano wa karibu, kijana mmoja niliyemsomesha nahau sasa ni mhadhiri wa biashara katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Alikaa zaidi ya mwaka mmoja akichunguza maduka ya familia katika miji yetu ya pwani. Swali lake lilikuwa hili: duka lililosimama miaka arobaini, kwa nini hufa mwaka wa pili baada ya kufa mwenyewe? Alikaa na warithi, wake kwa waume, akasoma madaftari ya mkopo, akaona maduka yaliyofungwa kwa ugomvi, na yale yaliyoendelea kwa kuwa warithi walikubaliana kugawana hisa na faida badala ya kugawana mali iliyo kwenye rafu. Alikuta pia kwamba mara nyingi aliyekuwa akijua nani anadaiwa nini ni mjane, naye ndiye wa mwisho kuulizwa. Niliisoma makala yake yote. Baadhi ya maneno yake katika mlango wa mirathi sikuyakubali, tukabishana mpaka adhana ya alasiri, akabadilisha moja akashikilia mawili. Jambo hili, ndugu msomaji, kila nyumba ya mwambao inalihitaji. Huenda ukainua kichwa sasa hivi ukaliona duka la namna hiyo ng'ambo ya njia, limefungwa kwa kufuli yenye kutu.

Akaichapisha katika jarida la Afrika, akaomba kupandishwa cheo. Kamati ilimuuliza swali moja tu: jarida hili lina daraja gani? Halina, halimo katika orodha yao. Wakalifunga faili. Hapana aliyemwambia kuwa amekosea hesabu, wala kuwa maduka aliyoyachunguza ni machache, wala kuwa hoja yake ya tatu ni dhaifu (na kweli ni dhaifu kidogo). Lolote kati ya hayo lingekuwa haki yake, kwani mwenye kukukosoa amekusoma. Leo kijana huyo anaandika juu ya makampuni ya Marekani, kwa tarakimu anazozitoa katika kompyuta, na Marekani yenyewe hajapata kuikanyaga. Ameambiwa hiyo ndiyo njia ya kupanda, naye ana watoto wa kulisha.

Wapo wanaojitahidi kujenga. Mwaka 2011 wanavyuoni wa Kiafrika waliunda Africa Academy of Management, na mwaka 2015 wakaanzisha jarida lao, Africa Journal of Management. Halimo katika yale 50 ya 2016, wala katika yale 24 ya Dallas. Mwalimu kijana akiuliza, "Niwape makala yangu bora?" wakubwa zake humwambia asipoteze makala bora huko. Basi jarida litapataje daraja bila ya makala bora, na litapataje makala bora bila ya daraja? Na jarida la Kiswahili hulikuti hata moja katika orodha hizo, wala usilitafute. Wengine, wakiona mlango wa mbele umefungwa, huingia wa nyuma: hulipa fedha kwa majarida ya ulaghai yanayochapisha chochote kwa siku chache, yenye majina marefu yanayoanza na neno "International". Hao nao ni matunda ya mti huu. Ukimfundisha mtu kuwa jina la jarida ndilo elimu, usishangae akilinunua jina.

Hoja moja ya wenye orodha nataka niipe haki yake, kwa kuwa ina nguvu. Husema: "Bila ya orodha, mkuu wa kitivo atampandisha mpwa wake na rafiki yake, orodha haimjui mtu, haina kabila, haina mjomba." Tumeyaona hayo ya upendeleo, na aliyedhulumiwa kwa ujomba hatanilaumu nikisema orodha kwake ilikuwa nafuu. Lakini dawa ya hakimu mpendeleo ni mahakimu watatu, tena mmoja atoke mbali, na hukumu iandikwe kwa sababu zake ili mtu aweze kuijibu. Dawa yake si hakimu kipofu. Tena nani kasema orodha haina wajomba? Wahariri wa majarida yale makubwa wengi wamesomeshwa katika vyuo vile vile vichache vya Marekani na Ulaya, na wanafunzi wao ndio wanaojua mapema mhariri anapenda nini. Ujomba umehamishwa bara tu.

Hoja ya pili, kwamba hapana wakati wa kusoma makala zote hizo, haistahiki jibu refu. Mwalimu wa chuo kikuu anayesema hana wakati wa kusoma ni kama mpishi anayesema hana wakati wa kuonja. Makala zimekuwa nyingi kwa sababu mnawalipa watu kwa idadi. Walipeni kwa kazi mbili tatu walizozichagua wao wenyewe, nanyi mtapata wakati.

Wala usiambiwe kuwa mtindo huu hauwezi kuachwa. Serikali ya Australia ilipoanza kupima utafiti wa vyuo vyake, mwaka 2010, iliyapanga zaidi ya majarida 20,000 kwa herufi. Mwaka 2011 waziri wa elimu hiyo, Kim Carr, akayafuta madaraja hayo, akieleza kuwa wakuu wa utafiti vyuoni wamekuwa wakiwawekea watu malengo ya kuchapisha katika majarida ya A na A yenye nyota, na kwamba hilo si lililokusudiwa. Dunia haikuanguka. Ila wakuu wa vitivo vya biashara waliendelea na orodha yao wenyewe, mpaka toleo la 2022 na kuendelea. Serikali imeacha, wao hawataki kuacha. China nayo, mwezi wa Februari 2020, wizara zake zilikataza vyuo kuwatunza watu fedha kwa kila makala iingiayo katika faharasa ile iliyotokana na kazi ya Garfield. Uingereza, wapimaji wa taifa wa 2014 na wa 2021 waliamrishwa wasitumie daraja la jarida wala kipimo chake katika kuhukumu makala. Na katika shule za biashara za nchi hiyo hiyo, mwalimu anayetafuta kazi bado huulizwa ana makala ngapi za nne.

Mwezi wa Desemba 2012 wanavyuoni waliokutana San Francisco waliandika azimio, likatangazwa 2013, la kwamba kipimo cha jarida kisitumiwe kumpimia mtu, si katika kumwajiri, si katika kumpandisha, si katika kumpa fedha za utafiti. Maelfu ya taasisi yametia sahihi. Kutia sahihi ni rahisi, hutundikwa ukutani kwenye fremu, wageni wakaiona. Mimi ningependa kuiona fomu ya kupandisha vyeo iliyo ndani ya kabati. Chuo chochote cha kwetu kinachosema kimeachana na mtindo huu na kitutolee fomu hiyo, na wazazi walio katika mabaraza ya vyuo waidai, kwa kuwa wana haki ya kuidai. Ile safu ya daraja la jarida ifutwe, na mahali pake patiwe sahihi tatu za watu walioisoma makala tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila mmoja aandike kwa mkono wake alichokikuta humo na alichokikataa.